Je, wajua moyo wako una umri gani?

Kuna ujumbe ambao haukosi kurudi kwenye vikundi vya WhatsApp vya hapa Lubumbashi kila baada ya miezi kadhaa: eti mwili wa binadamu hujibadilisha wote kila baada ya miaka 7. Kwa hesabu hiyo, mtu wa miaka 42 yuko kwenye mwili wake wa saba. Wahubiri wanaupenda ujumbe huo, na wauzaji wa dawa za kusafisha damu wanaupenda zaidi, maana ukinywa chupa zao kwa subira, kila kilichoharibika ndani kitakuwa kimeshatupwa na kipya kimewekwa.

Ukiingiza moyo kwenye hesabu hiyo, inavunjika. Mtu wa miaka 50 anatembea na moyo ambao zaidi kidogo ya nusu ya seli zake za misuli ni zilezile alizozaliwa nazo. Zilizobaki zilizaliwa baadaye, moja moja, bila haraka yoyote. Na kipimo kilichotuwezesha kujua hivyo kilitengenezwa na mabomu ya nyuklia, ambayo historia yake ya mwanzo inapita hapa Katanga.

Lakini tuanze na hiyo miaka 7, kwa sababu imeshika mizizi. Namba yenyewe ni ya zamani, ila ilipata nguvu mpya mwaka 2005, pale kundi la Jonas Frisén wa Karolinska Institutet, Stockholm, lilipochapisha njia ya kupima umri wa seli za mtu mzima. Magazeti yakaandika kwamba huenda wastani wa umri wa seli zote za mwili ni miaka 7 hadi 10. Neno "wastani" likadondoka njiani, likabaki "zote".

Wastani huo hausemi kitu kuhusu moyo. Mwili una seli zinazokadiriwa kufikia trilioni 30, na zaidi ya asilimia 80 ya hizo ni chembe nyekundu za damu, ambazo huishi siku 120 hivi kisha huvunjwa. Ngozi ya ndani ya utumbo hubadilishwa kwa siku chache tu. Seli za mafuta huenda polepole zaidi, karibu asilimia 10 kwa mwaka, na kundi hilohilo la Stockholm lilionyesha hivyo mwaka 2008. Seli za neva za gamba la ubongo, zile za kufikiria, hazibadilishwi kabisa: ulizozaliwa nazo ndizo utakazozikwa nazo. Ukichanganya vyote hivyo na kutafuta wastani, utapata namba, lakini haitakuwa namba ya kiungo chochote.

Upande wa pili wako wale wa kosa la kinyume, na hawa mara nyingi wamesoma. Kwa miongo mingi vitabu vya biolojia na vya uuguzi vilifundisha kwamba seli za misuli ya moyo haziongezeki wala kubadilishwa baada ya utoto: moyo unakua kwa seli kunenepa, basi. Fundisho hilo lilikuwa na sababu nzuri. Aliyechunguza moyo wa mtu mzima kwa darubini karibu hakuona seli ya misuli ikigawanyika, na aliyemwona mgonjwa baada ya shambulio la moyo aliona kovu, hakuona misuli mipya.

Kwenye duka moja la dawa katika komine ya Kenya, hapahapa Lubumbashi, nilimsikia mama mmoja akimuuliza muuguzi, mkono ukiwa bado umefungwa kitambaa cha kupimia tension: "Docta, kidonda ya mukono inaponaka. Juu ya nini ya moyo haiponi?" Muuguzi alikuwa akisoma mshale, akajibu bila kuinua kichwa: "Inaponaka, mama. Kovu njo inabakia. Lakini kovu haiwezi kusukuma damu." Kwa sentensi tatu za duka la dawa, ni jibu zuri kuliko mengi niliyosoma. Lina pengo moja tu: je, pembeni ya kovu, au kwenye moyo ambao haujaumia, kuna seli mpya zinazozaliwa au hakuna?

Swali hilo linaonekana rahisi mpaka ujaribu kulijibu kwa binadamu. Panya unaweza kumpa dutu yenye alama, ukasubiri, ukamfungua ukahesabu seli zilizobeba alama hiyo. Mtu huwezi kumfanyia hivyo. Dutu nyingi za namna hiyo zina mionzi au sumu. Ilihitajika alama ambayo kila mtu ameshaimeza bila kuombwa, iliyo na tarehe, na isiyomdhuru kiasi cha kuonekana. Ikatokea kwamba alama hiyo ipo, na tumeila wote kwenye bukari, yaani ugali.

Ni kaboni-14. Angani kaboni hii huzaliwa kila siku kwa asili: miale kutoka anga za mbali hutoa nyutroni, nyutroni hugonga nitrojeni, nitrojeni inageuka kaboni-14. Ni kidogo mno, karibu atomu moja katika kila atomu trilioni za kaboni ya kawaida. Inaungana na oksijeni, mahindi yanaivuta, unga unasagwa, mtu anakula. Kati ya miaka ya 1950 na 1963, Marekani, Umoja wa Kisovieti na Uingereza walilipua mamia ya mabomu hewani, na nyutroni za mabomu zikafanya kazi ileile ya miale, ila kwa kiwango cha kutisha. Bomu moja tu la Wasovieti, tarehe 30 Oktoba 1961, lilikuwa na nguvu ya takriban megatani 50. Kufikia 1963 kaboni-14 katika hewa ya kaskazini mwa dunia ilikuwa imekaribia kuongezeka maradufu. Agosti mwaka huo mkataba wa kukataza milipuko ya hewani ukatiwa saini Moscow, na kiwango kikaanza kushuka, kwa sababu bahari na mimea vilianza kuinyonya. Huku kwetu kusini mwa Ikweta kilele kilichelewa kidogo na kilikuwa chini kidogo, lakini kilifika. Hewa haina kituo cha forodha Kasumbalesa.

Watu wa hapa hupenda kuunganisha jambo hili moja kwa moja na Shinkolobwe, na inafaa kusema ni wapi muunganiko upo na ni wapi haupo. Mgodi huo wa urani, karibu na Likasi, ulikuwa wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, na mwaka 1940 mkurugenzi wake Edgar Sengier alikwisha peleka zaidi ya tani 1,200 za madini ya urani New York, zikawekwa kwenye ghala la Staten Island. Madini ya Shinkolobwe yalikuwa tajiri kupita kiasi, mengine yakiwa na urani zaidi ya nusu ya uzito wake, na yakachangia sehemu kubwa ya urani ya mradi uliozaa bomu la Hiroshima. Hadi hapo ni historia. Lakini urani haigeuki kaboni-14. Kaboni hiyo ilitoka kwenye nitrojeni ya hewa, na wingi wake ulitokana na majaribio makubwa ya baadaye, hasa ya mabomu ya haidrojeni, wala si bomu la 1945. Kwa hiyo moyo wa mtu wa Lubumbashi hauna ndani yake kitu cha Shinkolobwe kwa njia hii. Umo mwangwi wa shughuli ambayo Shinkolobwe iliianzisha, na mwangwi huohuo umo kwenye moyo wa mtu wa Oslo.

Sasa, jinsi kaboni hiyo inavyokuwa tarehe. Wengi wakisikia kaboni-14 wanafikiria mifupa ya kale: kaboni inaoza, unapima iliyobaki, unapata umri. Hapa sivyo hata kidogo. Nusu ya kaboni-14 huchukua miaka 5,730 kuoza. Katika miaka 50 haipotei hata asilimia 1. Kwa maisha ya mtu mmoja, kuoza huko hakuna faida. Kinachosoma tarehe ni kupanda na kushuka kwa kiwango cha hewani.

Aliyejenga Lubumbashi anajua kwamba matofali mazuri ya kuchoma hutoka kwenye udongo wa kichuguu. Chukulia mtaa mzima unachimba kichuguu kimoja, na udongo wake ulikuwa wa kahawia hadi 1955, kisha ukaanza kuwa mwekundu, ukafikia wekundu mkali mwaka 1963, halafu ukafifia mwaka baada ya mwaka. Tofali likishachomwa halibadili rangi tena. Plasta itabanduka, rangi ya ukutani itapakwa upya, mabati yatabadilishwa, lakini tofali linabaki na rangi ya mwaka lilipotengenezwa. DNA ya seli, yaani maandishi yake ya urithi, ndiyo tofali. Protini na mafuta ya seli ndiyo plasta: hubadilishwa muda wote, hata kwenye seli isiyogawanyika, kwa hiyo ukivipima hutajua lolote kuhusu umri. DNA huandikwa upya pale seli inapojiandaa kugawanyika, na kaboni inayoingia humo ni ya chakula cha wakati huo.

Chukua basi nyumba iliyojengwa mwaka 1944. Ikiwa haijawahi kuongezewa tofali, haiwezi kuwa na wekundu wowote. Ukikuta wekundu, kuna fundi aliyepita baada ya 1955. Hicho ndicho kipimo, na uzuri wake ni kwamba hakihitaji kumwona fundi akiwa kazini. Kwa nyumba ya 1973 unageuza swali: mwaka huo udongo ulikuwa bado mwekundu sana, kwa hiyo ukuta uliofifia kuliko mwaka wake unamaanisha matofali ya baadaye yameingia.

Tatizo ni kwamba huwezi kuliangalia tofali moja. Kaboni-14 ni adimu kiasi kwamba DNA ya seli 15 hivi hubeba kwa pamoja atomu moja. Watafiti wanalazimika kuvisaga viini vya mamilioni ya seli na kupima rangi ya unga. Na moyo si misuli peke yake. Seli nyingi humo ni za mishipa ya damu na za kuunganisha, ambazo hubadilika kwa kasi yao. Kwa hiyo kwanza walivitenga viini vya seli za misuli kwa kutumia kingamwili zinazoshika troponini, protini ya misuli ya moyo, kisha mashine ikavichambua kimoja kimoja. Baada ya hapo DNA ilipelekwa Lawrence Livermore, California, kwenye mashine ya kuharakisha chembe ambayo Bruce Buchholz na wenzake waliitumia kuhesabu kaboni-14. Maabara hiyo ilianzishwa mwaka 1952 kubuni silaha za nyuklia. Sijui kama kuna aliyecheka walipogundua hilo, lakini angekuwa na haki.

Matokeo yalitoka mwaka 2009 kwenye jarida la Science, Olaf Bergmann akiwa mwandishi wa kwanza. Watu waliozaliwa kabla ya mabomu walikuwa na wekundu kwenye DNA ya misuli ya moyo. Kulikuwa na fundi. Ila fundi huyo ni mvivu: akiwa na mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli kwa mwaka, na kwa mtu wa miaka 75 anashuka hadi asilimia 0.45. Ukijumlisha, katika maisha yote chini ya nusu ya seli hizo hubadilishwa. Ndiyo ile hesabu ya mtu wa miaka 50: asilimia 55 za tangu kuzaliwa, 45 za baadaye. Mwaka 2015 kundi hilo liliongeza kwamba idadi ya seli za misuli karibu haibadiliki tangu kuzaliwa, wakati seli za ukuta wa mishipa midogo ya moyoni hubadilishwa zaidi ya asilimia 15 kila mwaka. Yaani ndani ya kiungo kimoja kuna majirani wanaohama kila baada ya miaka michache na wengine ambao hawajawahi kufungasha.

Hapa lazima niweke breki moja. Seli ya moyo wa binadamu ina tabia mbaya: utotoni, hadi karibu na miaka 10, nyingi huongeza DNA yao maradufu bila kugawanyika. Fundi anaongeza safu ya pili ya matofali kwenye ukuta uleule, chumba kipya hakuna. Kipimo cha kaboni hakioni tofauti kati ya safu ya pili na chumba kipya; kinaona tofali jipya tu. Watafiti walipima kiasi cha DNA kwa kila kiini wakarekebisha hesabu, lakini marekebisho hayo yanapita kwenye mifano ya kihisabati. Asilimia 1 ichukuliwe kama ukubwa wa jambo, isichukuliwe kama uzito wa dhahabu kwenye mizani.

Wapo waliotaka namba kubwa zaidi, na kisa chao kinaeleza kwa nini hiyo asilimia 1 iliyokuwa ikidharauliwa sasa inaaminiwa. Piero Anversa, ambaye baadaye alifanya kazi Brigham and Women's Hospital huko Boston, alikuwa mmoja wa waandishi wa makala ya 2001 iliyodai kwamba seli za uboho zinaweza kugeuka misuli ya moyo. Kisha kundi lake likadai moyo una seli shina zake, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, na unajijenga upya mara nyingi katika maisha. Mwaka 2004 makundi mawili yalirudia jaribio la uboho kwa panya bila kuona misuli mipya ikitoka humo. Mwaka 2012 kundi la Anversa lilichapisha kwenye jarida la Circulation makala iliyotumia kaboni-14 yenyewe kutetea kasi kubwa; makala hiyo iliondolewa mwaka 2014. Oktoba 2018 Harvard na hospitali hiyo walitangaza kwamba makala 31 za maabara hiyo zina data ya kughushi au kutungwa, na wakataka ziondolewe. Katikati ya hayo, wagonjwa halisi walikwisha wekewa seli mioyoni kwa majaribio.

Wakati huohuo ushahidi mwingine ulikuja kwa njia isiyohusiana na mabomu. Mwaka 2013 kundi lingine la Boston liliwapa panya nitrojeni-15, ambayo haina mionzi, likahesabu seli zilizoipokea: chini ya asilimia 1 kwa mwaka, na seli mpya zilitoka kwa seli za misuli zilizokuwepo, hazikutoka kwenye seli shina. Njia mbili tofauti, wanyama wawili tofauti, na namba zinakaa meza moja.

Kwa nini fundi ni mvivu hivyo? Sehemu ya jibu ni kwamba seli ya misuli ya moyo imejaa nyuzi za kujikunja kutoka ukuta hadi ukuta, na ili igawanyike lazima izivunje kwanza. Seli inayovunja nyuzi haisukumi damu, na moyo hupiga karibu mara 100,000 kwa siku bila siku ya mapumziko. Hiyo inaeleweka, lakini si jibu zima, kwa sababu wapo wanyama wanaofanya yote mawili. Samaki mdogo anayeitwa zebrafishi akikatwa asilimia 20 ya chumba kinachosukuma damu hukirudisha ndani ya takriban miezi miwili, akiendelea kuogelea. Kitoto cha panya cha siku moja hufanya vilevile. Kikifika siku ya saba, uwezo umekwisha, kinaweka kovu kama sisi. Ndani ya wiki moja kuna swichi inayozimwa. Wapo wanaoihusisha na oksijeni nyingi baada ya kuanza kupumua, wengine na homoni, wengine na hiyo DNA ya maradufu. Kila upande una panya wake.

Kwa mtu aliyepata shambulio la moyo, hesabu ni kali. Shambulio kubwa linaweza kuua hadi seli bilioni moja, na chumba cha chini cha kushoto kina bilioni 3 hivi za misuli. Kwa mwendo wa asilimia 1 au chini yake, kovu linafika kwanza kwa mbali.

Habari mpya ilikuja mwaka 2024, tena kutoka kwa Bergmann na wenzake, tena kwa kaboni ya mabomu. Walipima mioyo iliyochoka kabisa, ya watu waliokuwa wakisubiri kupandikizwa moyo mwingine. Utengenezaji wa seli mpya humo ulikuwa chini ya ule wa moyo mzima, usio na ugonjwa, kwa kati ya mara 18 na 50. Lakini baadhi ya wagonjwa walikuwa wamewekewa pampu ndogo inayousaidia moyo kusukuma, na miongoni mwao wale ambao moyo wao ulipata nafuu walionyesha utengenezaji wa zaidi ya mara 6 kuliko moyo mzima. Inavutia kusema kwamba moyo ukipumzishwa, fundi anarudi kazini. Makala yenyewe haiwezi kusema hivyo: inawezekana pia kwamba wale waliokuwa na fundi hodari tangu mwanzo ndio waliopata nafuu, pampu au si pampu. Wagonjwa ni wachache.

Kutenganisha hayo mawili kunahitaji mioyo mingi zaidi ya kupimwa, na saa yenyewe inakaribia kusimama. Moshi wa makaa na mafuta unaotoka viwandani hauna kaboni-14, umezeeka mno ardhini, na kila mwaka unaipunguza ile ya hewani. Karibu na mwaka 2021 hewa ya kaskazini mwa dunia ilirudi kwenye kiwango cha kabla ya viwanda, na inaendelea kushuka. Kwa mtoto anayezaliwa leo, udongo wa kichuguu umerudi kuwa kahawia: kilele cha mabomu hakitamsaidia mtafiti kuujua umri wa seli zake. Mioyo inayosomeka vizuri ni ya watu waliozaliwa kabla au wakati wa mteremko ule mkali uliofuata 1963, na wengi wao sasa ni wazee.